Kanga Begani kwa Bushiri

Waliomwona Bi Mauza uzeeni mwake kwenye muziki wa uwanjani walimdhania mwanamke mwenye kiburi. Wapigaji wakianza, yeye aligeuza mkeka wake akakaa upande, akimpa mwimbaji bega. Wageni wa mtaa walinong'ona kwamba ana ugomvi na chama cha muziki. Wenyeji wa Kariakoo hawakunong'ona. Walijua kwamba sikio lake la kushoto lilikufa zamani, enzi za Mwingereza, na kwamba aliyeliua alikuwa mumewe, mchana kweupe, Mnazi Mmoja, siku ya Idi.

Baba yake, Abdulla, aliuza tende na halua katika kiduka cha Mtaa wa Kongo, chumba kimoja chenye harufu ya iliki hata kwenye kuta. Alipofariki, Mauza hakuwa na kaka wala mjomba wa karibu, na watu wema wa mtaa walimtafutia mume haraka, kama wanavyotafuta kifuniko cha chungu kilichoachwa wazi. Wakampata Hashil, muuza nyama.

Hashil alikuwa mtu wa kupendwa. Meza yake pale sokoni ilikuwa ya kwanza kuzungukwa na watu asubuhi. Alikata nyama huku akitania, akamwongezea mjane kipande, akamtupia paka utumbo, akamwuliza mzee habari za kifua chake. Hakunywa. Alisali. Sikukuu zikija aliwapa watu wa ngoma mbuzi mzima bila kuombwa. Mtu kama huyo akipita mtaani, salamu humtangulia.

Nyumbani alipiga.

Alipiga jinsi alivyofanya kazi yake, bila pupa. Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya chai iliyopoa, miezi miwili baada ya harusi. Alisukuma komeo la mlango, akachukua kamba iliyofungiwa ng'ombe, akaichovya katika ndoo ya maji, akamwambia Mauza aume pindo la kanga yake. "Ukilia, naanza tena." Mauza alilia. Akaanza tena. Mchinjaji anaujua mwili. Hashil alijua mahali nyama ilipo nene na mahali mfupa ulipo karibu, na hakugusa kamwe uso, wala shingo, wala kiganja. Kesho yake alirudi na doti mpya ya kanga, akampa mkewe mbele ya jirani, akitabasamu.

Ikawa ndiyo desturi yake. Kila baada ya kamba, kanga. Thuraya, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akimwambia, "Shoga, wewe una bahati. Wa kwangu tangu anioe hajaninunulia hata kitambaa cha kufutia jasho." Mauza alicheka, akaikunja kanga, akaitia sandukuni. Sanduku lilijaa. Mwaka wa tatu alipigwa teke la tumbo akiwa na mimba, na mtoto akatoka uwani, juu ya jamvi, amekwisha kuwa na vidole. Safari ile zilikuja doti mbili.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda bomani. Bomani wangemtoza Hashil faini, naye jioni angerudi nyumbani kwake, asukume komeo. Mauza hakutaka faini. Alitaka talaka. Kwa hiyo siku moja, Hashil akiwa sokoni, alivaa buibui akaenda kwa Kadhi.

Kadhi alikuwa mzee mpole. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hupigwa wapi, mwanangu?"

"Chumbani."

"Nani ameona?"

"Mlango hufungwa, Sheikh."

"Jirani je, hasikii?"

"Husikia. Hudhani napiga godoro."

Mzee aliutazama ule mkao wake wa upande mmoja. "Naona unavyokaa," alisema. "Lakini nikihukumu kwa jinsi mtu anavyokaa, kesho kila mke na kila mume atakuja hapa akichechemea. Niletee wanaume wawili waadilifu waliomwona kwa macho yao akikupiga. Nikiwapata hao, nitakutoa katika nyumba ile mimi mwenyewe."

Kariakoo haina siri. Kabla ya magharibi Hashil alikuwa amekwisha kupata habari. Alisukuma komeo taratibu, akavua kanzu, akaitundika.

"Umeambiwa ulete mashahidi," alisema. "Basi anza na hili komeo. Ndilo lililoona mengi. Lichukue ulipeleke likaseme."

Alimpiga mpaka kamba ikakatika, akaendelea na kipande kilichobaki. Mauza alipoamka sakafuni alimkuta amechuchumaa karibu yake, anampepea kwa kipepeo cha mkaa, uso wake umejaa huruma.

"Mauza," alimwambia kwa sauti ya chini, "nyumba hii umeingia kwa ngoma. Utatoka kwa jeneza. Usijisumbue tena."

Hakuwa akitania. Mauza alilijua hilo kama alivyoijua sauti ya komeo, na tangu siku ile alilala akifikiri jambo moja tu: mahali ambapo Hashil angeweza kumpiga bila mlango.

*

Nyuma ya nyumba yao, kuvuka kichochoro, chama cha Bushiri kilifanyia mazoezi. Bushiri alikuwa fundi cherehani mchana, na udi wake, ala ya nyuzi, ulining'inia ukutani juu ya cherehani. Mfungo wote ule, baada ya tarawehe, alifundisha wenzake nyimbo za sikukuu. Mwaka ule chama cha Gerezani, waliokuwa wapinzani wake, walipaka chokaa nyumba yao ya chama, wakajisifu nayo mji mzima. Bushiri akawatungia wimbo. Mauza, akikoroga uji uwani, alizisikia beti zake moja baada ya moja, na ubeti wa tatu uliposhuka juu ya ukuta aliacha mwiko usimame katika sufuria.

*Nyumba yapakwa chokaa, wapitao huisifu,*
*Ndani aliyemokaa, mwili wake ni dhaifu,*
*Kimya alichokitwaa, si ridhaa ni kuhofu,*
*Rangi itapochakaa, utafichuka uchafu.*

Uji uliungua. Alipigwa kwa ajili ya uji ule. Lakini ubeti alikuwa nao.

Siku ya pili ya Idi, baada ya sala ya alasiri, mji ulimiminika Mnazi Mmoja. Kiingilio hakikuwapo, uwanja wa wazi, jukwaa la mbao chini ya turubai, na aliyekuja ndiye aliyealikwa. Walikuja makuli wa bandarini na kanzu za kuazima, mayaya kutoka Uzunguni, makarani wenye viatu vinavyolia, wavuvi wa Kivukoni wenye magamba ya samaki bado kwenye vifundo vya miguu. Wauza kahawa waligonganisha vikombe. Watoto walinyonya miwa wakawatemea wenzao makapi. Wanawake walikaa mkono wa kushoto wa jukwaa juu ya mikeka yao, buibui zimeachwa wazi kidogo kifuani ili kanga mpya zionekane. Wanaume walisimama mkono wa kulia, na mbele yao kabisa, juu ya kiti alichopewa kwa heshima ya mbuzi wake, alikaa Hashil, bakora ya mkwaju mapajani.

Kisha fidla ikaanza, peke yake, nyembamba, filimbi ya nai ikaifuata, na ngoma ya dumbaki ikaingia chini yao kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Udi wa Bushiri ulikuja mwisho. Mji mzima ulinyamaza. Mauza alifumba macho. Kwa muda wa wimbo mmoja na nusu alisahau kwa nini amekuja. Mgongo wake ulikuwa unawaka, usaha umegandisha nguo kwenye ngozi, na bado kidole chake kilikuwa kinagonga mkeka kikiifuata dumbaki. Hata baadaye, alipokuwa mkongwe, alipenda kuusimulia ule wimbo mmoja na nusu kuliko yote yaliyofuata. Ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kusikia kwa masikio mawili.

"Shoga, unalia?" Thuraya alimwuliza.

"Udi," alisema Mauza. "Udi huu una dhambi."

Ukaja wimbo wa chokaa. Watu walijua unawalenga akina nani. Watu wa Gerezani waliokuwapo wakaanza kuguna. Beti mbili zikapita kwa vicheko. Ulipoanza wa tatu, Mauza alisimama.

Kumtunza mwimbaji ni jambo la kawaida. Mtu akipendezwa na ubeti hupeleka maua, au marashi, au leso, akarudi zake. Lakini akisha kumtunza, akapita polepole mbele ya mtu fulani kabla ya kurudi kwenye mkeka wake, basi ubeti ule ameutwaa na kumvisha mtu huyo. Mshairi alimkusudia nani si kitu tena. Hapo hakuna haja ya kusema neno, na hakuna namna ya kulirudisha.

Mauza alivua buibui. Wanawake waliokuwa karibu walishtuka. Chini yake alivaa kanga ya sikukuu, ile ya juzi, na gauni la mikono mifupi. Alipoivua na kanga nayo, mikono yake ikabaki wazi mpaka begani, na ile mikono ilikuwa na rangi ambazo hazikutoka dukani: zambarau, manjano, nyeusi, na mistari ya kamba iliyopishana kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye haraka.

"Mauza! Mauza, kaa chini!" Thuraya alimshika pindo. Pindo likamponyoka.

Alipanda jukwaani, akamtandikia Bushiri kanga begani. Bushiri aliitazama ile mikono, akaacha kuimba. Akaurudia ubeti kwa udi peke yake. Mauza akashuka upande wa wanaume. Alikwenda polepole, kama bibi harusi, akapita mbele ya kiti cha mumewe, akasimama. Akamtazama. Kisha akageuka ili arudi kwenye mkeka wake.

Hashil alitabasamu. Hapo Mauza aliona amekwisha. Kama angetabasamu mpaka mwisho, angemtoa uwanjani kwa upole, angemshika mkono mpaka nyumbani, na asubuhi wangeleta jeneza.

Ila kuna sauti ilitoka nyuma, sauti ya mhuni mmoja ambaye hajajulikana hadi leo. "Bwana Nyama! Kumbe kwako ndiko kulikopakwa chokaa!"

"Mwacheni," akajibu mwingine, "atatuuzia na mbavu za mkewe!"

Uwanja ulicheka. Uso wa Hashil ulikufa. Aliinuka, na bakora ikashuka.

Pigo la kwanza lilimkuta Mauza kisogoni. La pili lilikuwa la sikio, na alisema baadaye kwamba hakuhisi maumivu, alihisi kitu kama dirisha lililofungwa kwa nguvu. Alianguka kifudifudi. Hashil alimgeuza kwa mguu. Watu walisubiri apige mara moja mbili za kurudisha heshima, kisha aache, kama wanaume walivyozoea kuona na kusamehe. Hakuacha. Mkwaju ulivunjika, akamshika nywele akampigiza kichwa ardhini, na huku anampiga alikuwa akisema maneno yale yale ya chumbani, ambayo uwanja ulikuwa haujapata kuyasikia: "Ukilia, naanza tena. Ukilia, naanza tena." Damu ilimtoka sikioni ikachanganyika na makapi ya miwa.

Aliyemrukia kwanza hakuwa mtu wa mtaa. Alikuwa Polycarp, karani wa Posta, Mkristo kutoka Kilimanjaro, kijana mrefu aliyekuja kusikiliza udi kwa sababu ulimkumbusha kitu ambacho hakuweza kukieleza. Alimshika Hashil kiunoni kwa nyuma. "Utaua, bwana! Utaua!" Hashil alimpiga kichwa cha pua, pua ikapasuka. Vijana wa sokoni wakamvamia Polycarp kumtetea bwana wao. Vijana wa chama wakawavamia vijana wa sokoni. Watu wa Gerezani, waliokuwa na hasira zao tangu ubeti wa kwanza, wakaona nafasi, wakapanda jukwaani. Udi wa Bushiri ulipasukia kichwani kwa mtu. Dumbaki ilikanyagwa. Viti viliruka, birika la kahawa likamwagikia mtoto, na mama yake akachukua lile birika akampasua nalo mtu aliyekuwa karibu, bila kuuliza kama ndiye.

Katikati ya miguu hiyo Mauza alilala ubavu, jicho moja limefunikwa na damu. Kwa lile jingine aliona mkokoteni wa madafu ukingoni mwa uwanja, na nyuma ya magurudumu yake mtu aliyejificha, kilemba amekivuta mpaka puani. Macho yao yalikutana. Aliyajua yale macho. Yalimsimamia akijifunza alifu na be alipokuwa mtoto. Alikuwa Mwalimu Muhiddin wa chuo cha Kurani cha Mtaa wa Mchikichi, ambaye kila Ijumaa aliwaambia watu kwamba udi ni mlango wa kwanza wa motoni.

Ndipo zikalia firimbi. Askari walikuja na virungu, wakapiga waliosimama na waliolala. Hashil alikuwa amekwisha kuondoka, akijifuta mikono kwa leso.

*

Thuraya alimficha Mauza kwa mama yake, huko Msimbazi. Siku nyingi alikuwa akitapika kila alipoinua kichwa, na usaha ulimtoka sikioni ukilowesha mto. Lakini alikuwa na furaha ya ajabu, furaha iliyomtisha Thuraya.

"Wameona, shoga. Mji mzima umeona."

Hapo ndipo kosa lake lilipojitokeza. Alikuwa amefikiria macho, hakufikiria ni macho ya nani.

Thuraya alikwenda mlango kwa mlango. Muuza vitambaa aliyesimama hatua chache kutoka kwenye kiti cha Hashil alishika ndevu zake. "Mimi? Ngomani? Siku ile nilikuwa kwa shemeji yangu Ilala." Mwenye duka la mchele alikuwa na homa. Mnadi sala alikuwa akisoma. Kila mwanaume mwenye heshima mjini, aliyekuwa pale akitikisa kichwa kwa fidla, alikuwa mahali pengine. Ukiwasikiliza, ungeamini kwamba uwanja ulikuwa mtupu na Bushiri aliimbia minazi.

Basi walibaki wale wasioona haya, na hao ndio sheria haikuwataka. Bushiri alisema, "Mimi nitakuja," uso wake umevimba. Lakini mpiga udi hahesabiwi mwadilifu. Polycarp alikuja na bandeji puani. "Niliona kila kitu, mama. Niulizeni." Ushahidi wake ungefaa kwa Mzungu, si kwa Kadhi.

Mauza hakuwa amemwambia mtu habari za mkokoteni wa madafu. Jioni moja alijikongoja, akishika kuta, mpaka Mtaa wa Mchikichi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia yaliyokupata. Nimekuombea."

"Mwalimu, nilikuona."

Mzee alifunga msahafu. "Uliumia kichwa, Mauza. Mtu akiumia kichwa huona mengi."

"Nahitaji wanaume wawili. Sina hata mmoja."

"Sikuwapo, mwanangu."

Mauza alishika ukuta, akainuka. Angeweza kwenda nje akaita mtaa mzima. Thuraya angefanya hivyo. "Kesho ni kwa Kadhi," alisema. "Nitamwambia nilimwona mtu wa haki pale. Jina sitalitaja. Sitamvua mtu nguo uwanjani. Mimi nimevuliwa, najua baridi yake."

*

Baraza la Kadhi lilijaa. Hashil alikuja na kanzu nyeupe, akasalimia kila mtu kwa jina.

"Mke wangu alianguka katika fujo za ngoma," alisema. "Walimkanyaga. Nimejitahidi kumpeleka nyumbani nimtibu, amefichwa. Mimi namtaka mke wangu, Sheikh. Sina zaidi."

Bushiri aliitwa. "Sheikh," Hashil alisema kwa upole, "huyu ni mtu wa udi. Tunakula naye, tunacheka naye. Lakini kushuhudia?" Kadhi aliinamisha kichwa, ilikuwa kweli. Polycarp hakuruhusiwa hata kuvuka kizingiti. Thuraya alipaza sauti toka mlangoni, "Mimi nimeona! Macho yangu yana kasoro gani?" na mzee akamwashiria anyamaze, bila hasira.

"Bi Mauza, una mwingine?"

"Yuko mtu, Sheikh. Lakini siye wa kuitwa na mimi."

"Basi," alisema Kadhi, na ikaonekana kwamba neno lile lilimwuma, "mke atarudi..."

"Niko hapa."

Mwalimu Muhiddin alikuwa amesimama nyuma kabisa, viatu mkononi. Watu walimpisha, wakidhani anakuja kutoa nasaha.

"Nilikuwapo Mnazi Mmoja," alisema. "Nilikwenda kusikiliza udi. Mimi huenda kila mwaka. Hujificha, kwa sababu mdomo wangu husema jambo jingine. Nilimwona Hashil akimpiga binti huyu kwa bakora, na ilipovunjika akampiga kwa mikono. Hakukanyagwa na mtu. Nilikuwa nyuma ya mkokoteni, sikutoka kumsaidia. Hayo mawili, kwenda na kutotoka, nitajibu kwingine. Hili la bakora nalijibu hapa."

Ubaridi ulipita katika baraza, na baba zaidi ya mmoja pale alikuwa anamfikiria mwanawe aliyekuwa chuoni kwa mzee huyo.

Kadhi alihema. "Ni shahidi mmoja," alisema. "Sheria inataka wawili."

Hashil angenyamaza, angeshinda. Alikuwa na neno lile la Kadhi mkononi. Lakini alikuwa ametazamwa na mwalimu aliyemfundisha naye pia utotoni, na mahali pale pa zamani, palipochomwa kwa kicheko, paliwaka tena.

"Na wewe, Mwalimu!" alipiga kelele. "Kama ulikuwapo, si uliona alivyonifanya? Hukuona alivyopita mbele yangu na ule ubeti? Mji mzima ukanicheka! Mwanaume gani angeacha? Nisingempiga pale pale, ningeonekana mtu?"

Ikaonekana wazi usoni mwa Hashil kwamba ameyasikia aliyoyasema.

"Umekiri," alisema Kadhi. "Shahidi wa pili ni ulimi wako. Mwache sasa hivi kwa mdomo wako, ama nitawatenganisha mimi."

Alimwacha. Alilitoa neno kama mtu anayetema jino. Kisha akatoka, na alipofika ngazini, Mwalimu Muhiddin akiwa ameinama kuvaa viatu, Hashil alimpiga teke akamwangusha, akaukanyaga mkono wake wa kulia mpaka mfupa ukasikika. Alifanya hivyo mbele ya watu wote, waheshimiwa kwa makarani, na safari hii kila mmoja alikubali kwamba alikuwapo. Alikwenda jela kwa ajili ya mkono wa mzee. Kwa ajili ya mwili wa Mauza hakwenda.

*

Sanduku la kanga Thuraya alilibeba kichwani mpaka Msimbazi. Mauza alipopata nguvu alianza kukaanga samaki. Alfajiri Kivukoni, adhuhuri karai motoni. Kanga zote zile alizichana vipande, akawa anashikia karai. Ziliungua moja baada ya moja, zikaisha. Hakuolewa tena, na aliyemposa alijibiwa kwa adabu kwamba samaki wanatosha.

Bushiri alileta ile aliyotunzwa, imefuliwa, doa bado linaonekana. Mauza aliikataa. Kilichotunzwa hakirudi. Bushiri akafungia udi wake mpya ndani yake, na kila alipoufungua jukwaani watu wazima walitazama chini.

Chuo cha Mtaa wa Mchikichi kilibaki na watoto wachache, wengi walihamishwa. Mkono wa Mwalimu uliunga vibaya, na kalamu ya mwanzi ilimwia nzito. Idi iliyofuata, muziki ulipopigwa tena Mnazi Mmoja, bure kama desturi, alikuja mapema akaketi mbele, bila kilemba usoni. Hakuna aliyeketi karibu naye. Upande wa pili Mauza alitandika mkeka, akasikiliza fidla kidogo, akaona haimfikii. Akageuza mkeka, sikio la kulia likaelekea jukwaani. Sasa alisikia, ila aliyekuwa mbele ya macho yake hakuwa mwimbaji tena. Alikuwa mzee yule, peke yake kwenye nafasi kubwa, kidole cha mkono uliopinda kikigonga goti kuifuata dumbaki.